Mti wa Mgeni Katika Msitu wa Kunihira

Asubuhi, kabla hajawasha moto, Kunihira hupita msituni na panga mkononi kuangalia nani ameamkaje. Ndivyo asemavyo mwenyewe: nani. Ni kipande kidogo tu cha mikangazi na mivule kando ya kijito, nacho kimezungukwa na miwa ya majirani pande zote. Hukata mimea inayonyonga mashina, huokota kuni zilizoanguka zenyewe. Mti mbichi hagusi.

Kwao Bunyoro mtoto akipewa empaako, lile jina la heshima la kusalimiwa nalo, watu hula ugali wa wimbi kisha humpandia mti. Wengi wakishapanda husahau, na mbuzi hawasahau. Lakini tangu Kunihira aolewe katika boma lile, hakuna mti wa mtoto ulioliwa. Hata alipofiwa na mumewe, wageni wa matanga walimkuta akifukuza mbuzi huku analia.

Mwaka huu hofu ilimjia kutoka kwa mwanawe wa kumzaa. Ardhi aliachiwa Kasangaki na baba yake. Kunihira ana mdomo tu. Na Kasangaki alitaka miwa.

"Akiiki, usinune," alimwambia mama yake kwa empaako yake, siku aliyomleta fundi wa msumeno, Andama, mtu wa ng'ambo ya Nile. "Kila mtu analima miwa. Sisi tunafuga nyani!"

Kunihira alimgeukia mgeni. "Karibu, baba. Empaako yako nani, nikusalimie?"

"Kwetu hatuna, mama. Niite Andama tu."

"Uingie kwangu nikuite kama mtu wa mnadani? Hapana. Leo wewe ni Apuuli."

Kasangaki aliangua kicheko. "Apuuli! Jina la mtoto wa kudekezwa, na madevu yote haya!"

Wakaingia msituni. Kunihira alifuata nyuma. Andama aligonga mashina kwa mgongo wa panga, akasimama kwenye mkangazi mnene kuliko yote.

"Tuanze na huu."

Kasangaki aliutazama. Palikuwa na kovu kwenye gome, pale alipojaribia kisu chake cha kwanza akachapwa na mama yake.

"Huo ruka," akasema.

"Kwa nini? Ndio wenye mbao!"

"Huo ni mimi."

"Basi ule?"

"Dada yangu Abwooli."

"Na ule wa kijitoni?"

"Marehemu baba."

Andama akashusha panga, akamwita Kasangaki kwa empaako yake. "Amooti, umenileta kukata miti au kumaliza ukoo?"

Maneno yote aliyoyapanga Kunihira kwa wiki nzima hayakuwa na kazi tena. Alikwenda nyuma ya jiko, akarudi na mche wa mvule.

"Apuuli, jina umepata, na ugali upo jikoni. Bado mti."

Andama, ambaye tangu ujana wake kazi yake ni kuangusha, alipiga magoti akachimba. "Na mbuzi je, mama?"

"Mbuzi niachie mimi."

Lakini Kasangaki alikuwa ameshakwenda kukata miiba. Aliuzungushia mche ule ua wa miiba, akaondoka kuchota maji. Kunihira akauzunguka ua, akainama, akatafuta upenyo wa mbuzi.

Hakuuona.