Jicho Langu Halijui Isale

Wenzangu wa sukari, mimi ni bibi wa wajukuu tisa, wa Machame huku mlimani. Shule niliishia darasa la nne, mtanivumilia. Nilikuwa mtu wa nguvu. Majani ya ng'ombe nakata mwenyewe, kahawa nachuma mwenyewe, na mbege yangu, pombe yetu ya ndizi, ilisifiwa hadi kijiji cha pili. Nikipika naonja. Sukari walishanipima wakaniambia ninayo. Nikasema mbege ni chakula, itanidhuruje?

Macho yakaanza taratibu. Kwanza vitu vyeusi vikielea kama masizi ya jikoni. Halafu nikimtazama mtu usoni sioni sura, naona ukungu. Jicho la kushoto likafa kabisa huku nangoja lipone lenyewe. Likabaki la kulia, nalo linafifia. Hapo binti yangu Anaeli akanishusha hospitali mjini kwa nguvu.

Daktari, kijana wa Kisukuma, akasema, "Bibi, sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya jicho. Inavuja maji, pamevimba." Akanieleza kuna utafiti: dawa mbili za sindano, zote zinatibu, wanataka kujua ipi inashinda. Nitapewa moja, sitaambiwa ipi, na yeye hatajua mpaka mwisho.

"Mimi sijui, wewe hujui. Sasa anayejua ni nani?"

"Kompyuta, bibi."

"Hiyo nayo ina macho?"

Akacheka. Nikakubali, nikaandika jina langu mwenyewe kwenye fomu. Dole gumba nilikataa.

Sindano inaingia ndani ya jicho, sitawadanganya. Wanatia matone ya ganzi, wanabana kope kwa chuma usipepese, unahisi kitu kinakusukuma. Siku nzima jicho linakereketa kama lina mchanga. Kila mwezi hivyo. Kushuka, kungoja, kusoma herufi ukutani, sindano, kupanda. Nilichoka mpaka mifupa.

Kwenye benchi nilikaa na Mama Zuhura, muuza dagaa wa Kiboriloni, naye yumo kwenye utafiti. Mwezi wa nne akasoma mistari mitano, mimi miwili.

"Bibi, wewe wamekuchoma maji ya bomba nini?" akanitania.

Tulicheka wote, ila mimi liliniingia. Nikaamini nimepewa dawa dhaifu. Nikasusa. Anaeli akinibembeleza namwambia, "Nenda wewe ukachomwe." Miezi mitatu, na mbege naonja.

Asubuhi moja nikakamua maziwa yote chini, pembeni ya ndoo. Nilishtukia miguu imelowa. Nikakaa hapo hapo kwenye mavi ya ng'ombe, nikalia.

Kwetu ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale, naye hawezi kukataa kukusamehe. Nikalikata uani, nikalipiga fundo, nikashuka nalo. Nikampa daktari kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi. Hili la nini tena?"

Nesi, binti wa Marangu, akaangua kicheko. "Daktari, umekwisha! Hilo ni isale. Lazima umsamehe."

Daktari akaligeuza geuza. "Mimi sina kinyongo, bibi. Ila jicho lako si Mchagga. Halijui isale."

Kweli. Vipimo vilionyesha pana sehemu imekufa, hairudi. Tukaendelea na iliyobaki, mwezi kwa mwezi. Mbege sasa anaonja Anaeli, na anakosea.

Utafiti ulipoisha wakatufungulia siri. Mimi na Mama Zuhura tulichomwa dawa ile ile. Ile ile! Yeye alikuja mapema, sukari yake aliibana, na hakususa hata siku moja.

Leo naona njia. Wajukuu nawatambua wakisogea karibu. Biblia nasomewa. Namshukuru Mungu, na Anaeli, na kijana yule wa Kisukuma. Wewe mwenye sukari, usingoje ukungu. Kapimwe macho ukiwa bado unaona vizuri. Ukipewa tarehe, nenda. Usipime dawa yako kwa jicho la jirani.

Alhamisi nina kliniki. Nimechoka, lakini nitashuka.