Mkono Uliozoea Chumvi

"Bakteria akiliona shuka langu, anaandika wosia!"

Maneno hayo Fundi Pipa aliyatoa kwenye kipaza sauti, katika maonyesho ya wenye viwanda, na Matroni wa hospitali kakaa mstari wa mbele. Matroni hakucheka. "Lete kipande maabara," alisema. "Kikifaulu, nachukua mashuka mia mbili. Kisipofaulu, hata salamu usinipe."

Jina la Pipa alilipata kwa miaka ishirini na miwili ya kuinamia pipa la rangi, akitia rangi sare za shule hadi kucha zikawa za kijani. Kachoka. Sasa alitaka kuloweka mashuka katika maji ya fedha, ile ya pete, iliyogeuzwa chembe ndogo hivi kwamba unywele ukisimama karibu nazo unaonekana gogo. Chembe zikishika uzi, vijidudu kwisha habari yao.

Akaloweka, akakausha, akapeleka. Siku ya pili mpimaji wa maabara akamwonyesha kisahani cha kuoteshea vijidudu. Vijidudu vimejaa juu ya kitambaa, vimenawiri.

"Mzee, hawa wosia hawakuandika. Wamefunga ndoa."

Akarudi karakana amenywea. Mkewe, ambaye ndiye mshona pindo, akamwambia, "Hebu loweka tena, nikuone."

Akapima maji ya fedha, ya manjano kama chai iliyopunjwa majani. Akakoroga. Mara mkono wake, bila kumwomba ruhusa mwenyewe, ukachota chumvi kwenye gunia la pembeni na kumwaga konzi nzima. Rangi ya sare bila chumvi haikamati, na mkono ule ulikuwa umezoea. Maji yakawa kijivu. Chembe zikagandana na kuzama chini.

"Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Umetia chumvi, baba!"

"Mimi?"

"Hapana, jirani."

Mara ya tatu mkewe alilikalia gunia. Mkono ulikuja ukipapasa mara mbili, ukachapwa mwiko mara mbili.

"Inuka kidogo, kuna kitu nakitafuta."

"Siinuki. Koroga."

Safari hii kisahani kilikuwa na duara lisilo na kijidudu kuzunguka kitambaa, tupu kama kipara. Matroni alikitazama kwa miwani, akakitazama bila miwani, kisha akafungua kalamu na kuuliza bei. Fundi Pipa akakohoa. Mkewe, aliyemsindikiza, ndiye aliyejibu.

Shuka moja, elfu kumi na nane.