Uji Unaoshika

Sijui kukaa. Mume wangu husema nikiketi ni kama nimekalia siafu, na sijawahi kumbishia. Nilizaliwa Usangu, upande wa Mbeya, katika familia ya wafugaji wa Kisukuma waliotoka kaskazini wakifuata malisho, na kila nyumba tuliyoijenga tulijua tutaiacha. Mama ndiye aliyeisiriba. Alichanganya udongo, mavi ya ng'ombe na majivu kidogo, akakanda mpaka vikashikana, halafu akapiga magoti na kupaka sakafu kwa kiganja, mizunguko mikubwa ikifuatana kutoka ukutani hadi mlangoni. Hata leo nikiingia nyumba ya mtu naangalia kwanza kinachoishika. Huku Kilolo nilikoolewa ni tofali za kuchoma na saruji, na miaka ya mwanzo nilijiona kama nimefungiwa humo.

Mama aliletwa kwangu baada ya kupata kiharusi. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala, mdomo umeenda upande, maneno hayatoki. Maji matupu yalimpalia. Muuguzi alinieleza bila haraka kwamba kila anachokunywa kiwe kizito kiasi, kiteremke kwenye kijiko kama asali. Kikiwa chepesi kitaingia mapafuni, kikiwa kigumu kitakwama kooni. Na asipokula vya kutosha atarudishwa wodini, awekewe mpira wa kulishia puani. Mama alisikia hilo la mpira, akafumba macho.

Basi nikaanza kupika. Mama mkwe wangu, ambaye jikoni kwake katlesi hazijawahi kupasukia kwenye mafuta, alinionyesha kila kinachoshika anachokijua: unga wa ngano uliovurugwa kwanza kwa maji baridi, viazi vya kuponda ndani ya supu, karanga za kusaga, hata ute wa bamia. Kwa uji alitaka ulezi tu. Nilikoroga, nikainua upawa, uji ukateremka kama asali. Nikabeba kikombe mbiombio, nikavuka ua hadi chumbani, nikakaa kidogo kumsimulia habari za nyumbani ili achangamke, kisha nikapeleka kijiko. Mama akafunga mdomo. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata.

Nilikasirika. Nilidhani anasusa kwa sababu uji ni chakula cha watoto, au kwa sababu niliolewa mbali. Nilimwambia mume wangu kwamba mama ameamua kufa na mimi siwezi kukaa nikimtazama. Nikatoka, nikazunguka shamba la viazi mpaka ukungu ukanilowesha, nikarudi, nikatoka tena. Asubuhi moja niliuchukua uji aliokuwa ameukataa, nikaumwagia maji ya moto, nikaukoroga kwa hasira ukawa maji yenye mabuje. Akapokea kijiko kimoja, akapaliwa. Nilimwinamisha huku nalia, nikiwa na hakika kwamba nimemuua kwa mkono wangu.

Alipopata pumzi hakunitazama. Mkono wake mzima ukaanza kutembea juu ya blanketi, mizunguko mikubwa, mmoja baada ya mwingine. Mume wangu alifikiri ni maumivu. Mimi niliijua ile mizunguko. Mama alikuwa anasiriba.

Nilichimba udongo mwekundu nyuma ya nyumba, nikaomba mavi kwa jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, nikaweka beseni mbele ya mama. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu kumpa kitu ambacho hatakikataa. Mama mkwe alisimama mlangoni akiitazama sakafu yake inayong'aa, akaenda kuleta gunia, akalitandika chini ya beseni. Mama akaingiza mkono, akakanda. Kisha akainua kidole kimoja, akatazama udongo unavyoanguka.

"Yaya," alisema. Hapana, kwa lugha yetu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aletwe.

Niliongeza mavi, nikakanda naye. Yaya. Nikanyunyiza maji. Safari hii udongo ulining'inia kidoleni, ukateremka taratibu, na mama akatikisa kichwa kukubali.

"Mnawishe vizuri, mwanangu," mama mkwe akasema. "Halafu huo uji apime mwenyewe."

Nilileta kikombe. Mama akachovya kidole, akakiinua. Uji uling'ang'ania palepale, haukuanguka. Hapo nikaelewa kosa langu, kosa la mtu wa Usangu. Kwetu joto haliruhusu uji kuganda, ulivyotoka jikoni ndivyo utakavyounywa. Kilolo kuna ua mzima wa baridi kati ya jiko na kitanda, na baada ya hapo kuna mimi na hadithi zangu. Uji uliotoka kama asali ulikuwa unamfikia mama ukiwa karibu kuwa ugali, na koo lake lilijua hivyo kabla yangu.

Tangu siku hiyo naupika mwepesi, nauleta wa moto, nakaa kando ya kitanda kuungoja ushike. Hakuna njia nyingine. Ukiondoka unaganda, ukiharakisha unampalia. Mama huchovya kidole kila mara, anasema yaya, tunangoja. Siku anapotikisa kichwa kukubali mapema nafurahi kama mtoto. Mpira wa puani haukutajwa tena, na maneno yameanza kurudi, yakiwa yamepinda kidogo.

Juzi tukiwa tunangoja aliniuliza tunahama lini.

Miaka yote niliyoishi kwenye nyumba hii nimetamani mtu aniulize swali hilo. Nilikitazama kikombe, kilikuwa bado kinatoa mvuke.

"Tungoje uji kwanza, mayu," nikamwambia, nikimwita mama kwa lugha yetu. Nikabaki nimekaa, naogopa siku atakayopata nguvu za kuondoka.