Baba Halipwi Akilala

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha: chanzo cha ajali za malori. Darasa zima likaandika uzembe, pombe na mwendokasi. Mimi nikaandika kwamba chanzo ni jinsi madereva wanavyolipwa. Akanirudishia na kalamu nyekundu: "Nje ya mada." Sawa. Mwalimu akiugua wiki nzima mshahara unaingia, kwake hiyo ni nje ya mada kweli.

Baba yangu anaendesha Fuso ya tajiri mmoja anayekaa Tabora. Analipwa kwa tripu. Gari likifika na mzigo, hela ipo. Gari likisubiri mzigo, hakuna kitu. Na likifika stoo imeshafungwa, tajiri anakata. Wiki ile baba alikaa Mishamo siku mbili akisubiri mahindi yapimwe, na usiku analinda magunia yasije yakaota miguu. Kwa hesabu za tajiri, siku mbili hizo baba hakuwepo duniani.

Jumamosi saa nne asubuhi akapita nyumbani, hapa Mpanda, Fuso imejaa mpaka juu, inaelekea Tabora kupitia Inyonga. Macho mekundu kama pilipili. Akavua kiatu kimoja, cha pili akakisahau mguuni.

"Mayu," akaniambia. Ananiita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake kule Usukumani. "Ngoja nijinyooshe kidogo. Tajiri akipiga, niamshe."

Nimwamshe? Thubutu!

Tajiri hakufunga kifaa cha kufuatilia gari. Kifaa chake ni simu. Anapiga kila mara, "Umefika wapi?", na dereva asipopokea anaambiwa amelala. Yaani mtu anaadhibiwa kwa kutopokea simu huku anaendesha! Halafu askari wa barabarani anakuja shuleni kutufundisha kwamba simu na usukani havipatani. Akamfundishe tajiri basi, sisi tunapanda baiskeli.

Sasa, mimi ni msichana lakini Mungu kanipa sauti ya pipa. Kwenye kwaya wamenisimamisha na wavulana. Baba nimemwigiza tangu darasa la tano, mpaka siku moja mama alinipakulia nyama ya baba bila kugeuka. Na nyumba yetu imepakana na mashine ya kusaga. Simu ilipoita nikatoka nayo mpaka kwenye ukuta wa mashine, ngurumo ya injini ikawa imepatikana bure.

"Umefika wapi?"

"Ndo naiacha Mpanda, bosi."

"Kanyaga!"

Alipopiga tena nilikuwa namalizia ugali wa baba. Nikarudi ukutani, nikamwambia naikaribia Inyonga.

"Mbona gari linalia hivyo?"

"Mlima, bosi."

"Mlima gani huko?"

"Gari lako hili, bosi, kila kitu kwake mlima."

"Hebu piga honi nisikie."

Hapo mtu mwenye akili angekata simu akasingizia mtandao. Mimi nikakimbia kwenye Fuso, nikaparamia, nikaibonyeza honi kwa kiganja chote. Kuku wakatawanyika. Tajiri akasema, "Haya, endesha." Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Nikamsikia baba anapiga kelele ndani.

Nilimkuta amekaa kitandani, mikono imeshika usukani ambao haupo, mguu wa kulia unakanyaga godoro, unakanyaga tena, unatafuta breki. Macho wazi lakini hanioni. Alidhani amesinzia barabarani. Nilimwita mara tatu ndipo akarudi. Kicheko kilinikauka mdomoni.

"Nimelala sana?"

"Masaa mawili tu. Rudi ulale, baba. Nimeshamwambia unaikaribia Inyonga."

Akaanza kutafuta kiatu chake. "Kama tajiri anajua niko Inyonga, mayu, inabidi niwe Inyonga."

Akachukua simu yake, akaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kumwona nayo. Ndo nikaelewa nilichofanya. Nimempa kilometa ambazo hajaziendesha, sasa anazikimbiza, na usingizi bado umemjaa kichwani.

Nikakimbia sokoni kwa mama, kwenye meza yake ya dagaa wa Ikola, nikamnyang'anya simu. Namba ya tajiri naijua kwa kichwa, kwa jinsi inavyotuharibia milo. Nikaivaa tena sauti ya baba.

"Bosi, nimepata pancha kabla ya Inyonga. Hii simu ya mama mmoja hapa njiani."

Mama mmoja akanikodolea macho, kopo la dagaa mkononi.

"Pancha utalipa wewe," tajiri akasema. "Na kuchelewa nakata."

Hakuuliza kama nimeumia! Pancha isiyokuwepo imeshapata bei, siku mbili za Mishamo zilizokuwepo hazina. Nyie mnaotunga sheria, andikeni basi kwamba dereva alipwe siku za kusubiri mzigo, alipwe na masaa ya kupumzika, na anayemkata kwa sababu alilala akatwe yeye. Kama kazi ni kuandika, nipeni mimi. Mwandiko wangu mzuri, hata yule mwalimu alikiri.

Nikampigia baba. Akapokea mlio wa kwanza, ndivyo alivyozoeshwa. Sauti yake ilikuwa inaburuza kama ya mlevi.

"Baba, una pancha."

"Nini?"

"Una pancha, hujafika Inyonga. Tajiri anajua na ameshakukata. Huo usingizi umeshaununua, baba. Ulale."

Nikasikia injini na upepo tu. Halafu gia ikashuka, ikashuka tena, kokoto zikalia chini ya matairi, injini ikazimwa.

"Dakika ishirini tu, mayu."

Simu hakuikata. Nilisimama pale katikati ya dagaa nikimsikiliza anavyokoroma, mama ananivuta sketi anataka simu yake, mpaka salio likaisha.