Upatu wa Kitabu

Ilipotangazwa kwamba shirika letu la umma linauzwa, wafanyakazi tuligawanyika makundi mawili: waliojua kuuza kitu na wasiojua. Waliojua hawakuwa na wasiwasi. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa Kariakoo mpaka katikati ya barabara, na kila aliyepunguzwa kazi tulimkuta baada ya muda mfupi ana meza yake Mtaa wa Kongo, amenenepa. Mimi nilipanga chumba hapohapo Kariakoo, nimezungukwa na wafanyabiashara tangu asubuhi, na nadhani nilikuwa mtu pekee wa mtaa ule asiyeweza kuuza hata embe. Niliwahi kujaribu vitenge. Mteja wa kwanza alinilalamikia maisha, nikampunguzia bei. Wa pili akatoa machozi, nikampa bure. Mama yangu, niliyeishi naye na kumtunza kwa mshahara ule, alinikataza nisirudie tena.

Basi lilipobandikwa tangazo kwamba mwenye mali mpya anaanzisha idara ya miradi, na kwamba atakayebaki ni yule tu atakayefaulu mtihani wa cheti cha usimamizi wa miradi, mtihani wenyewe unatoka Uingereza, wenzangu walisema wacha tubahatishe. Mimi sikuwa na cha kubahatisha. Niliogopa.

Swali likawa tusomee nini. Nilianza na mwalimu wa jioni karibu na Mnazi Mmoja. Kibao chake kilikuwa bado kimeandikwa Upigaji Chapa, na juu yake amebandika karatasi yenye maneno Usimamizi wa Miradi, karatasi inayopepea kila upepo ukivuma. Jioni ya kwanza alitusomea imla maana ya mradi. Jioni ya pili alitusomea maana ileile, safari hii akitaka tuiandike kwa herufi kubwa. Nilipomuuliza ratiba ya kazi inapangwaje, alinitazama kwa huruma.

"Dada, unakimbilia wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa nakimbilia kula. Nikamwacha na herufi zake kubwa, nikaenda kwa muuza vitabu wa barabarani ambaye aliniapia kwamba ana maswali ya mitihani iliyopita. Karatasi ya juu ilikuwa safi, na kichwa cha habari ndicho chenyewe. Nyumbani nikafungua ya pili, nikakuta naulizwa hatua za kumhudumia mama mwenye uchungu wa kuzaa. Nilirudi nimefura.

"Sasa dada, kwani kuzaa si mradi?" akasema, na watu wote wa pembeni wakaangua kicheko. Nilitaka kugombana, lakini nami nikacheka, na ukishacheka na muuzaji wa Kariakoo hurudishiwi kitu.

Kitabu cha kweli kilikuwa kimoja tu mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindu jirani na Kisutu. Alikishusha kwa mikono miwili, akakifuta vumbi, akaniruhusu nikifungue. Nikajikuta nasoma nimesimama, nageuza kurasa, nasoma tena.

"Binti," akasema kwa upole, "kitabu hicho hakimalizwi kwa kusimama. Nimejaribu mwenyewe, miguu ikakataa."

Bei yake hakuna ambaye angeimudu peke yake, na fotokopi ya kurasa zote ingeizidi. Ndipo wazo la upatu likazaliwa. Ofisini kwetu tayari tulikuwa na upatu wa fedha: kila mwisho wa mwezi tunachanga, mmoja anachukua zote, mwezi ujao mwingine. Anayeusimamia huitwa kijumbe, na kijumbe wetu alikuwa mama mtu mzima wa masijala, mtunza mafaili, ambaye jina lake halisi nadhani hata mkurugenzi alikuwa halijui. Wote tulimwita Kijumbe. Tukakubaliana tuchange, tununue kitabu, kizunguke kwa zamu ya wiki mojamoja mpaka mtihani.

Anayejua upatu anajua vita vyake. Kwenye upatu wa fedha kila mtu anataka kuwa wa kwanza. Siku ya kura kila mtu ana mgonjwa, ana ada ya shule, ana paa linalovuja. Upatu wa kitabu uligeuza watu wote kuwa waungwana. Kaka mmoja wa stoo, ambaye enzi za foleni za sukari hakuwahi kumpisha hata mjamzito, aliniinamia akasema, "Anza wewe, dada yangu." Mhasibu naye akasema hapana, waanze wenye haraka. Hakuna aliyetaka kusoma mapema halafu asahau. Wote tuliitaka wiki ya mwisho, kitabu kikiwa bado cha moto kichwani.

Kwa desturi kijumbe huchukua zamu ya kwanza bila kura, kama ujira wake. Safari ile Kijumbe akatangaza kwamba bila kura atachukua ya mwisho. Watu wakaguna. Akatikisa kopo lenye vikaratasi, nikachomoa changu, nikakuta namba moja.

"Kura irudiwe," nikasema.

"Kura ya upatu hairudiwi, mwanangu," akasema Kijumbe, akanikabidhi kitabu.

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia mama wa watu, mwenye Kiingereza cha salamu tu, kwa kukalia zamu ya dhahabu ambayo ingeniokoa. Wiki yangu nilisoma mpaka macho yakawasha, na kitabu kilipoondoka nilihisi kila sura inaondoka nacho, kama maji kwenye pakacha.

Kikaenda kwa kaka wa stoo. Baada ya siku chache nikamwona barazani kwangu, kitabu kwapani.

"Dada mambo? Hapa wanasema kuna kazi ikichelewa mradi wote unachelewa, na nyingine ikichelewa hakuna neno. Sielewi. Kuchelewa si kuchelewa tu?"

"Wewe umewahi kuwa kwenye kamati ya harusi?"

"Mara nyingi."

"Maua yakichelewa, harusi inaendelea. Mpishi akichelewa, hamna harusi."

Akafikiri sana. "Na bwana harusi akichelewa?"

"Watu wanaendelea kula."

Alifurahi, akanywa chai yangu yote, akaniletea mhasibu. Kila aliyepokea kitabu alikwama pale nilipokuwa nimekwama mimi, akaja kuniuliza. Nilinung'unika, maana chai na sukari zilikuwa zangu, lakini mlango sikuufunga.

Wiki ya mwisho ikafika, na Kijumbe naye akaja. Nilimwamkia shikamoo kwa mdomo wa pembeni.

"Marahaba. Mwanangu, Kiingereza hiki kinanishinda. Nisomee kwa sauti, halafu unieleze kwa Kiswahili cha sokoni."

Ningekataaje, mtu mzima? Kila jioni alikuja na mchele wake wa kuchambua, akakaa mkekani uani, mimi nikasoma na kueleza. Na alikuwa mbishi!

"Fundi asipokuja kazini, huyo msimamizi anafanya nini?"

"Kitabu kinasema achunguze sababu."

"Sababu ya fundi kutokuja nani haijui? Rudia hapo."

Nikarudia. Aliniambia nirudie mpaka nikapata hasira, na mama yangu akatoka chumbani kunikanya nisimpandishie sauti mtu mzima. Kimoyomoyo nilisema mama huyu ameninyima zamu, na sasa ananinyima hata kupumzika. Jioni ya mwisho aliniachia mimi ungo wa mchele, kitabu akanishikia yeye.

Siku ya mtihani kiti cha Kijumbe hakikuwepo. Si kwamba kilikuwa kitupu, hakikuwepo. Nilimuuliza msimamizi, akapitia orodha yake, akasema kutoka masijala hakuna aliyejiandikisha. Nilipigwa na butwaa, kisha nikakasirika, na maswali ya kwanza niliyajibu kwa hasira. Kesho yake ofisini nilimuuliza kulikoni.

"Nilikuwa nafua," akasema, akaendelea na mafaili yake.

Majibu yalikawia, na yalipotoka Kijumbe alikuwa ameshaondoka na wale walioomba wenyewe kiinua mgongo. Nilikuwa nimefaulu. Mhasibu pia. Kaka wa stoo hakufaulu, wala hakuonekana kujali. Mama yangu alipiga vigelegele mpaka wapangaji wote wakatoka nje. Mimi nilivuka Magogoni kwa kivuko, nikaulizia Kigamboni, nikamkuta Kijumbe kwenye mgahawa wake mpya, mabati yanang'aa, anapanga vikombe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umefaulu."

"Nani kakwambia?"

Akapanga kikombe kingine. Nikashindwa kujizuia. "Mama, wewe kiinua mgongo ulikuwa unakitaka tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo. Mimi na idara ya miradi wapi na wapi?"

"Sasa kuchangia kitabu kulikuwa kwa nini?"

"Kijumbe asiyecheza upatu nani atamwamini?"

"Na zamu ya mwisho?"

"Ningeiacha kwenye kura ingeweza kumwangukia yule wa stoo. Na ningekupa wewe mbele ya wenzio, wangenila nyama. Kijumbe hapendelei mtu." Akapangusa kikombe. "Halafu wewe kusoma kimya huwezi. Nilikuwa nakuona ofisini, kitabu kiko mezani, macho yako dirishani."

"Ulijuaje kama nitafaulu? Kiingereza chenyewe ulikuwa hukielewi."

"Jioni ile ya mwisho kitabu si nilikushikia mimi?"

"Ndiyo."

"Nilikishika juu chini. Makusudi. Ukasoma mpaka mwisho, hata hukugundua."

Nilicheka kwanza, halafu nikalia, nikashindwa kunyamaza. Kijumbe alinivumilia kidogo, akanipa kitambaa cha vikombe nijifute, kisha akaniambia nihamie benchi la nyuma, kuna wateja wanataka kukaa.