Koki ya Mafuta na Tyubu ya Baisikeli

Rubani yule alikuwa mtu wa manukato na miwani myeusi. Siku ya kwanza alipoingia karakana yetu ya uwanja wa ndege, alinikuta nimeshika spana, akaniuliza aliko fundi:

“Mama, mécanicien iko wapi?”

“Ni miye.”

Akacheka, akabaki akingoja jibu la kweli.

Ndege yake ya viti vinne ilitupita umri sote wawili. Ndani ilinuka petroli, naye alijivunia hata harufu hiyo. “Ya zamani yote iko nanuka vile. Ni parfum yake.” Kwenye ukaguzi aliniambia koki ya kuchagulia tangi ameshaitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali. Nikatia sahihi kwenye daftari la ndege bila kuifungua.

Miezi miwili baadaye alirudi kutoka Bafwasende na abiria mmoja, mama muuza mawese mwenye dumu lake. Pindo la kitenge chake lilikuwa limelowa.

“Bidon yako iko navuja, mama,” rubani akamkaripia. “Umeniharibia ndege.”

Yule mama akaanza kuomba radhi. Nikashika pindo, nikanusa. Mawese hayana rangi ya buluu; petroli ya ndege ndiyo ya buluu. Nikamwambia asiombe radhi, ni ndege iliyomlowesha, si yeye aliyeilowesha ndege.

Nikamwaga mafuta yote ya matangi, nikatoa zulia, kifuniko na mpini, nikafungua mabomba, nikaichomoa koki. Ndani, mahali pa pete za kuzuia mafuta, palikuwa na vipande vya tyubu ya baisikeli, ya toleka kabisa, zile za kubebea abiria mjini. Kimoja bado kilikuwa na kiraka. Petroli ilikuwa imevivimbisha, vinamomonyoka vidoleni.

“Nani alikata hivi?”

“Miye. Na makasi ya bibi yangu,” akasema, kifua mbele. “Ilishika miezi mbili!”

Sikujua nimtazame wapi. Mtu mzima, anabeba watu juu ya msitu usio na mahali pa kutua, anajisifia makasi.

Pete halisi zilichukua siku tisa kufika. Siku zote hizo alizunguka mjini akisema mama wa karakana hajui kazi. Nilizifunga, nikazungusha mpini hadi nikasikia mlio wake kila kituo, nikajaza matangi, nikatandika karatasi kavu chini. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu vilevile.

Rubani akaipapasa kwa kidole. “Unaona? Kazi yangu ilikuwa namna hii tu.”

Nilifungua daftari la ndege, na chini ya sahihi yangu ya zamani nikaandika kwamba siku ile sikuifungua koki. Akasoma juu ya bega langu.

“Ya nini kujiharibia jina?”

Nikamnyoshea kalamu aandike na lake. Akatazama saa, akasema abiria wanamngoja, akaenda zake.