Vidole Viwili vya Sponji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwandalizi wa ukumbi wa wizara, ambaye wote humwita Mama Viti, amepiga magoti kwenye zulia, futi kamba mkononi, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Anapima kutoka sakafuni hadi juu ya mto wa kiti, anasogea kwenye kinachofuata, anapima tena. Viti ni ishirini na vinne.

"Macho yalishanidanganya," anasema bila kuinuka. "Siku hizi naamini futi."

Saa tatu ujumbe wa serikali ya kigeni utaketi upande wa dirishani, wenyeji upande wa mlangoni. Wana mambo mawili mezani: kamati ya amani ya wilaya zilizopigana mwaka juzi, na watu arobaini na mmoja wanaoshikiliwa tangu wakati huo bila kufikishwa mahakamani. Mmoja wao ni mwalimu wa hesabu, mtoto wa dada yake mkubwa. Mtoto wa dada ni mtoto wake, na Mama Viti haoni haja ya kuongeza neno hapo.

Hakuficha. Duru ya kwanza ya mazungumzo ilipotangazwa alimwendea mkuu wa itifaki akamweleza, naye akamuuliza kama ataweza kunyamaza.

"Nikamwambia, bosi, miaka kumi na tisa nimenyamazia mambo ya watu humu ndani. Ya kwangu yatanishinda?"

Kunyamaza hakukumshinda. Kilichomponza ni mito.

Kabla ya duru ya pili viti vilipelekwa kwa fundi makochi kubadilishwa sponji. Fundi, kama mafundi walivyo, aliahidi vyote akaleta nusu. Mama Viti hakutaka mito mipya ichanganyike na ya zamani, ukumbi ukaonekana kama nyumba ya mtu anayehama. Akaviweka viti kumi na viwili vilivyoshonwa upya upande wa wenyeji, vya zamani upande wa wageni, akaenda zake kuchemsha maji ya chai.

Mito mipya ilizidi ile ya zamani kwa unene wa vidole viwili. Kwako na kwangu vidole viwili si kitu. Kwa mabalozi ni tusi lililovaa tai. Kiongozi wa wageni alijikuta akimtazama mwenyeji wake kwa kuinua kidevu, akaamini ni makusudi, na saa moja haikuisha wakafunga mafaili. Wenyeji nao wakanuna kwa kosa wasilolijua. Ilichukua miezi minne kurudi mezani, na mwalimu wa hesabu aliihesabu yote akiwa ndani.

Mama Viti alipokuja kupima viti na kugundua chanzo, alijikaza akaenda kwa dada yake.

"Nilimwambia, dada, mtoto yuko ndani mpaka leo kwa sababu ya sponji yangu. Akaepua sufuria iliyokuwa ikiungua. Halafu akasema, 'Hukumfunga wewe. Lakini safari nyingine, pima.'"

Leo amepima mara tatu. Mazungumzo yakianza hukaa kwenye korido, huingia tu kubadilisha majagi, wala hasikilizi. Hana haja.

"Wakigombana wanamaliza maji," anasema. "Wakielewana wanaomba karatasi."

Saa sita mchana mlango unafunguliwa. Karani anatoa kichwa na kuomba karatasi, nyingi. Mama Viti anazipeleka akiwa roho juu, anaziweka katikati ya meza, anatoka bila kumtazama mtu. Majagi yamejaa.

Saa kumi jioni taarifa ya pamoja inasomwa. Wiki ijayo wageni wataingia gerezani pamoja na mawakili, na ndani ya siku thelathini kila anayeshikiliwa atafikishwa mahakamani au ataachiwa. Mama Viti anampigia dada yake, anamsomea neno kwa neno, kisha wote wawili wanalia kwenye simu.

Amebakiza miaka miwili kustaafu, na ameanza kuwafundisha wenzake wawili. Somo la kwanza ni futi kamba. Anaamini mwalimu atarudi, maana hakuna shtaka lolote alilosomewa, na katika ile mito iliyoleta balaa aliomba mmoja, upo sebuleni kwake.

"Akirudi nitamkalisha hapo juu, juu ya mama yake, juu yangu, juu ya kila mtu," anasema akikunja futi yake. "Kwangu hakuna itifaki."